Kutoka Soketini Hadi Skrini

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, wakimlenga yule anayezunguka madukani huku mvua imeshanyesha na shamba linamngoja. Methali hiyo ina haki yake. Ila iko hali moja isiyoigusa: ya mtu mwenye pesa za jembe moja tu, ambaye mpini ukikatika mwezi wa Machi hatapata mwingine mpaka mavuno. Kwa huyo, kuchagua ni sehemu ya kulima. Huliwaza jambo hili kila ninapowaona vijana wa Migori na Homa Bay wakikusanya vipande vya kompyuta ya kuchezea gemu, kimoja leo, kingine mwezi ujao, kwa pesa za kibarua, za boda boda, za mkopo wa chuo uliosalia baada ya kodi ya chumba. Wanafanya kazi ya akili iliyo nzito kuliko ya mwenye nacho, nami nataka kuisemea kazi hiyo kwa heshima inayoistahili.

Mwenye pesa nyingi huanzia juu. Hutaja kadi ya grafiki anayoitamani, kisha vitu vingine vyote huvutwa viifuate. Mwenye pesa kidogo akiiga njia hiyo ataishia na kadi nzuri iliyolala kabatini, kwa kuwa pesa zimekwisha kabla mashine haijawaka. Mimi nashauri aanzie ukutani, aufuate umeme unakopita: soketi, pawasaplai, ubao mama, prosesa, RAM, kadi, diski, skrini, mpaka mikononi mwa mchezaji. Kila kituo kina swali lake, na kila jibu hubana au hulegeza lile linalofuata. Njia hii haipendezi macho, kwa sababu kinachong'aa huja mwisho. Lakini ndiyo njia inayomlinda mtu ambaye akipoteza elfu tano hana elfu tano nyingine.

Basi tuanzie ukutani. Kule Nyatike, kwenye Mto Kuja ambao Wakisii huuita Gucha, kuna maporomoko ya Gogo. Katika miaka ya 1950 palijengwa hapo kituo cha umeme cha megawati 2, na kilijengwa kwa ajili ya mgodi wa Macalder uliokuwa ukitoa shaba na dhahabu, si kwa ajili ya nyumba za wakazi. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Leo nyaya zimefika Rongo, Awendo, Mbita na Oyugis, na mwanafunzi aliye chumbani kwake Homa Bay huvuta umeme wa gridi ya taifa kwa tokeni aliyoilipia kwa simu. Zile volti 240 zilizoandikwa kwenye karatasi, hata hivyo, hushuka jioni kila nyumba inapowasha vyombo vyake, hasa mwishoni mwa laini, na hupanda kwa kishindo stima inaporudi baada ya kukatika. Juu ya hayo kuna radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani: mchana upepo wa ziwani hupanda kuelekea nyanda za Kisii na kujenga mawingu huko, usiku upepo wa nchi kavu hushuka na kuyajenga tena juu ya maji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua kwa ajili ya kompyuta ya Homa Bay hakimo kabisa ndani ya kompyuta. Ni stabilaiza, ile ile ambayo watu huinunulia friji na televisheni. Kinachofuata hakiuzwi: ni mazoea ya kuchomoa waya mbingu zinapoanza kunguruma, pamoja na waya wa intaneti, maana radi huingia hata kwa mlango huo. UPS ndogo inaweza kuja baadaye. Haitakupa saa za kucheza gizani, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu. Orodha za vipande zinazoandikwa Ulaya na Marekani hazina mstari huu, kwa sababu waandishi wake hawajawahi kuuhitaji. Sisi tunauhitaji, na orodha yetu ni lazima tuiandike wenyewe.

Kituo cha pili ni pawasaplai, kile kisanduku kinachobadilisha umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta. Nilimsikia fundi mmoja wa Migori, mtu wa makamo aliyeanzia kwenye redio kabla ya kuhamia kompyuta, akimfundisha mteja kijana aliyekuwa ameshika pawasaplai mpya yenye maandishi makubwa: wati 500.

"Fundi, hii si itabeba kadi yoyote?"

"Omera, hiyo 500 imeandikwa na aliyetaka kuuza. Geuza upande wa pili unisomee mstari wa volti 12."

"Ampea 18."

"Haya, zidisha."

Kijana akazidisha: 12 mara 18, wati 216. Akanyamaza, kisha akairudisha mezani. Prosesa na kadi ya grafiki hula karibu chakula chao chote kwenye mstari huo wa volti 12, kwa hiyo wati 216 ndizo zilizokuwa zimebaki kwa kazi ya gemu. Zile nyingine, kama kweli zipo, zimegawanywa kwenye mistari ya volti 5 na 3.3 ambayo kompyuta ya siku hizi haina haja nayo sana. Hesabu ya darasa la nne ilitosha kumwokoa. Rahisi huvunja upishi, husema watu wa pwani, na hakuna mahali pengine katika kompyuta ambapo urahisi huvunja zaidi ya hapa: pawasaplai mbovu ikifa haifi peke yake, huondoka na ubao, na wakati mwingine na diski yenye kazi za muhula mzima.

Hapa ndipo kompyuta za mtumba zinapostahili sifa zao. Ni mashine za ofisi zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo sokoni huitwa ex-UK hata zikiwa zimetoka kwingine: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 za mwaka 2013, na ndugu zao. Zimeachwa kwa sababu ambazo si za uchakavu. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au baada ya hapo. Windows 10 nayo ikafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ya nchi tajiri yakajikuta na mashine nzima zilizopitwa na tarehe, zikaingia makontenani, zikashuka Mombasa. Ndani ya kesi ya mnara ya 9020 kuna pawasaplai ya wati 290, na hizo ni wati za kweli, zilizopimwa na kampuni ambayo ingelazimika kuitengeneza mashine ikiharibika ndani ya muda wa dhamana. Mara nyingi wati 290 za kweli ni bora kuliko 500 za karatasi.

Hata katika mtumba kuna kuchagua. Mnara mrefu hukubali kadi ya kimo cha kawaida. Ile kesi nyembamba hukubali kadi fupi pekee, ambazo ni adimu, na muuzaji hulijua hilo anapotaja bei. OptiPlex 7010 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, ile inayopatikana kwenye pawasaplai yoyote dukani. Mwaka mmoja baadaye, 9020 ikaja na plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 na plagi ya pini 6 ya HP. Nairobi mtu anaweza kutafuta kebo ya kuunganishia mchana huo huo. Aliye Mbita ataagiza, atalipa mzigo wa basi, atangoja. Tofauti ya plagi, ambayo kwa mwingine ni jambo dogo, kwake ni tofauti kati ya mashine inayotengenezeka na mashine inayotupwa. Ninapopima kompyuta mbili za bei moja, swali langu ni hili: ikiharibika, kipande chake nitakipata wapi, na fundi gani wa karibu ameshawahi kukigusa?

Kituo cha tatu ni ubao mama, ambako vipande vyote hukutana na ulazima wa kupatana hujitokeza. Takriban kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori iko Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Yaelekea yalijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hakuna saruji wala udongo uliozishikanisha. Wajenzi hawakuyachonga mawe. Waliyaokota jinsi yalivyo, wakapanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha wakaijaza nafasi ya katikati kwa mawe madogo yanayozibana zile safu mbili. Jiwe halikuchaguliwa kwa uzuri wake, lilichaguliwa kwa kulitazama jirani yake. Mwenye bajeti ndogo hujenga vivyo hivyo: hawezi kuagiza vipande vichongwe kwa kipimo chake, huchukua vilivyoko, na ustadi wake wote uko katika kujua kipi kitakaa na kipi. Na kama vile jamii zilizofuata pale Thimlich zilivyozikarabati kuta bila kuzibomoa, mashine iliyopangwa vizuri hukubali kubadilishwa kipande kimoja bila vingine kuanguka.

Tuione prosesa kwa jicho hilo. Katika gemu, prosesa huandaa kila fremu: mpira umefika wapi, beki anakimbilia upande gani, risasi imempata nani. Kisha huikabidhi kadi iichore. Aliye mzito kati ya hao wawili ndiye anayeamua mwendo, na mwenziwe hukaa akimsubiri. Core i5-4570 ya mwaka 2013, yenye viini vinne na mwendo wa gigahezi 3.2, bado ni mwenza mwema wa kadi ndogo. Ukiifunga pamoja na kadi kubwa ya leo umenunua uvivu wa kadi. Pesa iliyowekwa kwenye kipande kinachosubiri imezikwa, na hii ndiyo hasara inayowapata wengi: hawakununua kitu kibaya, walinunua kitu kizuri kisicho na wa kwenda naye.

Ipo njia nyingine, ya kununua vipande vipya vichache na kuacha mlango wazi. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, imebeba grafiki ndani yake, hivyo mtu anaweza kuanza kucheza bila kadi yoyote na kuongeza kadi mwakani. Inakaa kwenye soketi ya AM4, iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 na ambayo AMD iliendelea kuitolea prosesa mpya hata mwaka 2024. Hii ni njia ya mtu anayeweza kungoja. Mtumba ni njia ya anayetaka kucheza mwezi huu. Nazipenda zote mbili, mradi mtu ajue yuko katika ipi. Anayechanganya hizi mbili, nusu ya mashine ya DDR3 na nusu ya DDR4, ataona mwenyewe kwamba kijiti cha pini 240 hakiingii kwenye nafasi ya pini 288, hata kikisukumwa kwa matumaini.

Kuhusu RAM, wengi huuliza gigabaiti ngapi na kuishia hapo. Swali la pili ni vijiti vingapi. Kijiti kimoja cha DDR3 cha mwendo wa 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja hupitisha 25.6. Viwili vya gigabaiti 4 kwa hiyo vinazidi kimoja cha 8, hasa pale grafiki inapokopa kumbukumbu ya mfumo kwa kukosa yake. Kadi ndogo ya GTX 750 Ti ina kumbukumbu yake ya kupitisha gigabaiti 86.4 kwa sekunde, na tofauti hiyo ya namba ndiyo inayoeleza kwa nini gemu linalokwama bila kadi hukimbia mara kadi inapoingia. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda duniani kote, kwa kuwa watengenezaji walielekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili unde. Mawimbi hayo yalianzia mbali sana na Ziwa Victoria, lakini yanafika kwenye kaunta za Migori. Kwa msimu kama huu, ile DDR3 ya zamani iliyomo tayari ndani ya mnara wa mtumba ni akiba ya maana.

Kijiti cha RAM pia kinanirudisha kwenye udongo wa hapa. Meno yake yamepakwa dhahabu, tabaka jembamba lisilofikia hata mikromita chache, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na mguso wake haufifii. Kompyuta ikikataa kuwaka, fundi huchomoa kijiti, hukisugua meno kwa kifutio cha mwanafunzi, hukirudisha, na mara nyingi mashine huamka. Na Kaunti ya Migori ni ya dhahabu. Huko Nyatike, Masara na Mikei watu wanashuka mashimoni mpaka leo, wanapasua mwamba, wanausaga, wanauosha kwa zebaki inayowadhuru wao na mito yao. Hakuna awezaye kusema dhahabu ya kijiti fulani ilichimbwa wapi. Lakini madini ni yale yale, na kijana wa Migori anapokishika kipande hicho namtaka ajue kwamba hakushika kitu cha ugenini mtupu. Kwa muda mrefu sehemu yetu katika jambo hili imekuwa kutoa mawe na kupokea mashine zilizochoka. Kujua kilichomo ndani yake na jinsi kinavyofanya kazi ni hatua ya kutoka hapo.

Sasa ndipo ifike zamu ya kadi ya grafiki, na jibu limekwisha kupunguzwa na vituo vya nyuma. Nafasi ya PCIe kwenye ubao hutoa wati 75, na mnara wa ofisi mara nyingi hauna waya wa ziada wa kuilisha kadi. Basi zitafutwe kadi zinazoishi ndani ya wati hizo: GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inayokula 60, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zinazokula 75, na hii ya mwisho ichunguzwe vizuri maana baadhi ya matoleo yake hudai waya. Hizi si kadi za kujivunia mbele ya watu. Ni kadi zinazowaka kila siku, zisizoichosha pawasaplai, na zisizokula tokeni. Mashine nzima ikila wati 200, saa tatu za kucheza ni uniti 0.6. Ikila 500, ni uniti 1.5, na tofauti hiyo hulipwa kila wiki na mtu ambaye labda si yeye aliyecheza.

Kununua kadi ukiwa mbali na Nairobi kunadai uangalifu mwingine. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zilimwagika sokoni. Hizo si lazima ziwe mbovu, ila feni zake zimezeeka. Walio hatari zaidi ni waongo: kadi za zamani sana zilizoandikwa upya ndani yake ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huwatambua wengi wao. Mwombe muuzaji video ya kadi ikiwa inafanya kazi huku programu hiyo ikionekana, kabla hujagusa M-Pesa. Aliye mwaminifu hatakasirika. Na ukiwa na jamaa Nairobi anayeweza kwenda kuiona, mtume. Undugu wetu umesafirisha makubwa kuliko hayo.

Diski nitaipita upesi. Diski ya kuzunguka, yenye mizunguko 7,200 kwa dakika, huumia stima ikikatika ghafla. SSD haina kinachozunguka, hufungua mashine kwa kitambo kidogo, na hata ya SATA huweza kusoma megabaiti 500 na zaidi kwa sekunde. Haiongezi fremu, ila inamrudishia mtu muda wake. Ndogo kwa ajili ya mfumo na gemu moja mbili, na ile ya zamani ya kuzunguka kwa ajili ya akiba: mgawanyo huo unatosha. Akiba yenyewe ina thamani, kwa kuwa Grand Theft Auto V peke yake ilidai gigabaiti 65 ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, na bando la kupakulia kiasi hicho ni pesa ya kipande kizima. Steam, duka la gemu la mtandaoni, ina njia ya kuhifadhi nakala ya gemu ulilonunua na kuirejesha baadaye. Aliyelishusha mara moja asilishushe tena.

Kuna adui wawili ambao vitabu vya watengenezaji havikuwafikiria. Mmoja ni vumbi la barabara za murram. Wa pili ni nzi wa ziwa, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kuifuata taa usiku. Kompyuta yenye taa za rangi, imewekwa karibu na dirisha Homa Bay au Rusinga, inawaita kwa jina. Hunaswa kwenye feni na kwenye mapezi ya kupoozea, joto linapanda, prosesa inajipunguzia mwendo ili isiungue, na mwenyewe anadhani kadi imechoka. Kipande cha neti ya dirisha kwenye matundu ya kuingizia hewa, taa zimezimwa, na usafi wa mara kwa mara kwa brashi laini: gharama yake ni ndogo mno, na huiongezea mashine miaka.

Kisha skrini, ambako umeme hatimaye unakuwa picha. Nayo si mapambo, ndiyo inayopanga ukubwa wa kazi. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07 za kuchorwa katika kila fremu. Ile ya 1600 kwa 900 ina milioni 1.44. Skrini ya zamani ya ofisi, ile ambayo wengi huikataa, inaipunguzia kadi karibu theluthi moja ya mzigo. Na kama skrini huonyesha picha 60 kwa sekunde, kadi ya kutoa 140 inafanya kazi isiyoonwa na yeyote. Kijana anayejua haya hununua kadi inayoitosha skrini aliyo nayo, na moyo wake hutulia.

Kuna kitu ambacho hakuna kipande kitakachokinunua, nacho ni umbali. Mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tangu kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 tumeunganishwa na dunia, lakini kwenda Ulaya na kurudi kwa kebo ni karibu kilomita 20,000, yaani karibu milisekunde 100 kabla ya foleni yoyote njiani. Gemu la kufyatuliana risasi lenye seva zake huko litamwadhibu mchezaji wa Homa Bay hata awe na mashine ya milioni. Kwa hiyo nawaambia vijana wachague gemu pamoja na vipande. Kandanda la wawili kwenye skrini moja halina umbali. Kompyuta nne katika hosteli ya Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya, zikiunganishwa kwa kebo na swichi ndogo, hazina umbali wala bando. Mashine ya bei nafuu hung'aa zaidi pale watu wanapokaa chumba kimoja.

Najua swali la mzazi, na ni swali la haki: pesa hizi zote kwa mchezo? Nami hujibu kwamba watu wa ufuo huu hawakuwahi kuudharau mchezo wenye akili. Wazee walikaa na ubao wa ajua, wakihesabu kete mashimo kadhaa mbele, na hakuna aliyesema wamepoteza siku. Hujibu pia kwamba mashine ile ile, yenye kadi ile ile ya wati 75, hufungua Blender, ambayo ni ya bure, na kumfundisha mtu kuunda vitu vya pande tatu. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu la Kenya la kufyatuliana risasi katika mitaa ya Nairobi, na tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba Mkenya ni wa kucheza tu vya wengine. Na pale Windows inapokataa mashine kwa sababu ya umri, Linux huipokea, na Proton, programu ambayo Valve, kampuni ya Steam, iliitoa mwaka 2018, huendesha juu yake gemu nyingi zilizoandikiwa Windows. Lakini hata bila sababu hizo ningesimama upande wa mchezo. Kijana aliyefanya kazi kutwa ana haki ya saa moja ya furaha aliyoichagua mwenyewe, na haki hiyo haipaswi kuwa ya watu wa Nairobi peke yao.

Zaidi ya furaha, kuna ujuzi unaobaki mjini. Aliyeanzia soketini akafika skrini amejifunza kusoma lebo, kuzidisha volti kwa ampea, kutofautisha kinachobeba na kinachopamba, na kuuliza kila kitu kinaendana na nani. Hatakuwa na mashine kubwa. Ila akibadilisha kadi, ile ya zamani itamwendea jirani pamoja na maelezo yake, na jirani hataanzia sifuri. Hivi ndivyo maarifa hukua mahali pasipo na duka kubwa: kipande hutoka mkono huu kwenda ule, na kila mkono huongeza ulichojua. Natamani shule zetu za upili, kutoka Isebania hadi Kendu Bay, zifungue minara iliyokufa iliyorundikwa stoo na kuwaachia wanafunzi waisome hivyo, kuanzia waya wa ukutani. Watakaotoka hapo watakuwa mafundi, wahandisi, waundaji wa gemu, au wateja tu wasiodanganyika. Wote hao tunawahitaji, na gharama ya kuwapata ni ndogo kuliko ya kadi moja mpya.